Kibali cha Msafara wa Kaka Osea

Jumatatu, 2 Oktoba

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata.

Kaka Osea karudi jana kutoka hospitali. Madaktari wamemwambia shemeji Enesi kwamba kule hakuna tena la kumfanyia, amtunze nyumbani na ampe anachotaka. Nimelielewa hilo kuwa ameruhusiwa. Mtu haruhusiwi kama hajapona.

Kaka ndiye aliyeanzisha bendi ya kwanza ya matarumbeta mtaani kwetu. Watu wengi wa Tunduma wameoa na kuolewa yeye akipuliza besi, lile tarumbeta kubwa, mbele ya magari. Sasa mapafu yamegoma. Hata chai ya moto hawezi kuipuliza. Na mji umemsahau! Nitaukumbusha. Msafara! Kaka juu ya pikapu yangu, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa chekundu, matarumbeta mbele, umati nyuma, kutoka Mpemba hadi karibu na mpaka. Mimi, Ezron, Mratibu Mkuu.

Nilikwenda kumweleza. Alisikiliza amefumba macho. Halafu akasema anataka kitu kimoja tu, nimpeleke Iyula, kwenye shamba la baba. Amesikia manyunyu yameshapita na kahawa imetoa maua. Nikamwambia tutakwenda, kaka, baada ya msafara. Ni aibu tu inamsumbua, hajazoea kusifiwa.

Sikukaa sana. Anapumua kwa sauti siku hizi. Chumba kizima kinasikika.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimekwenda moja kwa moja polisi. Kwa nini nianzie chini wakati naweza kuanzia juu? Askari wa mapokezi alikuwa mpole. Alisema msafara barabarani unahitaji taarifa ya maandishi, iletwe mapema, na kabla ya hapo nipite serikali ya mtaa, kisha kata, kisha halmashauri kwa afisa utamaduni. Nikamuuliza kama hakuna njia fupi. Akasema hiyo ndiyo fupi.

Na nani nimemkuta kwenye benchi? Ipyana! Kaka alimfundisha kushika tarumbeta tangu hajui kupangusa mdomo. Leo ana bendi yake, ina sare yenye vifungo vya dhahabu. Alikuwa na bahasha ya tamasha lake, mihuri yote imekamilika. Akaniuliza kaka anaendeleaje. Nikamjibu kaka ni mzima sana, amenenepa. Akaniangalia muda mrefu. Akasema atapita kumsalimia. Nikamwambia asijisumbue.

Jumatano, 4 Oktoba

Mbinu mpya. Nani anaweza kukataa usafi? Nimeandika barua ya kuomba "matembezi ya hiari ya kuhamasisha usafi wa mazingira, yakisindikizwa na muziki". Kaka hakutajwa. Akipita juu ya pikapu siku hiyo, itakuwa bahati tu.

Afisa utamaduni anaitwa Fides. Mama mtulivu, miwani imening'inia kifuani. Akaisoma barua mara mbili. Akauliza kwa nini matembezi ya usafi yana kiti cha mgeni rasmi juu ya gari. Nikasema ni cha kuwekea fagio kuu. Akasema atawashirikisha wenzake wa afya. Nimetoka nikipiga mluzi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Maafa. Watu wa afya wamefurahi kupita kiasi! Wamesema kabla ya matembezi tuanze kwa vitendo. Nilipofika asubuhi nikakuta makoleo, toroli na buti za mpira zimepangwa karibu na soko, na mwananchi wa kujitolea ni mmoja. Mimi.

Nimezibua mtaro mpaka mchana. Nimetoa chupa, viatu, na mnyama sitaki kumkumbuka.

Shemeji Enesi alinikuta humohumo, nimezama hadi magotini. Alisimama ukingoni akiwa ameshika kanga yake isiguse tope. Akasema kaka hajala tangu jana, na kila akiamka anauliza habari ya Iyula. Je, pikapu haiwezi kwenda hata kesho? Nikamwambia kesho inapakwa rangi kwa ajili ya msafara. Nikamwambia avumilie kidogo tu. Akaitikia, "Haya, shemeji," akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jumatatu, 9 Oktoba

Misafara ya harusi inapita mjini kila Jumamosi. Nani amewahi kuisimamisha? Basi! Nimeamua msafara wa kaka utakuwa harusi. Leo tumefanya mazoezi.

Tatizo lilikuwa bibi harusi. Ferista, fundi cherehani wa jirani, alikubali kwa sharti kwamba asiguswe na awahi kurudi kwa wateja wake. Alivaa shela la mteja. Wapulizaji niliopata ni wawili, na mmoja alikuwa anajifunza. Tukaingia barabara kuu. Foleni ya malori kuelekea mpakani ilikuwa imeganda, na sisi tukapita kando yake tukipuliza. Raha iliyoje! Dereva mmoja wa Zambia akatoa kichwa nje, akapiga honi, akaniita "bashibwinga", ndiyo bwana harusi kwa Kibemba. Nikampungia mkono. Hapo ndipo nilipoacha kuangalia mbele.

Trafiki alikuwa mbele.

Aliomba kibali. Nikasema ni harusi. Akauliza bwana harusi ni nani, nikasema ni mimi. Akauliza bibi harusi anaitwa nani. Akili ikafutika! Nikasema "Mpenzi". Ferista akajibu kwa sauti kwamba yeye ni fundi, ana suruali ya mwalimu haijapigwa pasi, akashuka na shela lake na kuita bodaboda. Trafiki akazunguka pikapu. Taa moja ya mbele haipo. Matairi yamekwisha. Nyuma nimesimamisha watu na hakuna kizuizi. Yote kweli, siwezi kumlaumu. Pikapu imelala kituoni mpaka itengenezwe.

Jumanne, 10 Oktoba

Nilikwenda kwa kaka kumsimulia kabla hajasikia kwa watu. Amekonda. Mkono wake ulio juu ya blanketi sikuutambua, nilidhani ni wa mtu mwingine.

Nilipofika kwenye "Mpenzi" alicheka. Kicheko hakikuwa na sauti, mabega tu yalitikisika, machozi yakamtoka. Halafu kikohozi kikamshika. Enesi akamwinua, akampangusa, akamlaza tena kwenye mito. Tukangoja apate pumzi.

Akasema, "Ezron, kaa kidogo."

Nikamwambia, "Kaka, ofisi zinafungwa. Nikichelewa leo tumepoteza msafara wa Jumamosi."

Akasema, "Jumamosi ni mbali, mdogo wangu. Kaa."

Nilikaa. Ukingoni mwa kitanda. Akawa ananitazama tu. Ile sauti ya kupumua ikajaa chumba, nikajikuta napumua naye, kila yake ikikwama na yangu inakwama. Sikuweza. Nikasimama, nikasema narudi sasa hivi.

Kwa mama Fides nilikuta watu wengi. Nilipotoka kulishaingia jioni, nikaona nimwache kaka apumzike.

Jumatano, 11 Oktoba

WIZI! Kaka ameibiwa!

Nimefika asubuhi, mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani, mama Rozi, akaniambia Ipyana alikuja na gari lake la Noah alfajiri, akatandika godoro nyuma, wakambeba kaka na mito yake, wakaondoka na Enesi kwenda Iyula. Ipyana! Amemteka mgeni rasmi wangu siku chache kabla ya shughuli!

Nilikimbia polisi kufungua kesi ya utekaji. Askari yuleyule wa mapokezi. Akauliza kama mgonjwa alichukuliwa kwa nguvu. Hapana. Alikuwa na nani? Na mke wake. Aliomba mwenyewe kupelekwa? Ndiyo, kwa muda mrefu. Akaiweka kalamu chini. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini na mimi nisiende huko. Mabasi madogo yapo.

Nikamwambia bila kibali nitakwenda kusema nini?

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimemweleza mama Fides ukweli wote. Ni mbinu ya mwisho, sijawahi kuijaribu. Alinisikiliza, akavua miwani. Akasema ningesema hivyo tangu mwanzo tungekuwa tumemaliza. Kaka yangu ndiye aliyepuliza siku ya ndoa yake, mvua ilikuwa inanyesha, na maji yalijaa ndani ya besi likawa linakoroma kama kiboko. Akacheka peke yake. Akanipangia njia, si barabara kuu bali ya ndani, kutoka uwanjani hadi kanisani. Akampigia simu mtendaji wa kata mwenyewe. Akasema kesho nipeleke taarifa polisi na nirudi kuchukua kibali.

Kwa hiyo Jumamosi inawezekana! Nitakwenda Iyula kesho jioni, nitamchukua kaka, nitamrudisha kwa gari la kukodi. Ipyana atapiga tarumbeta safu ya nyuma.

Ijumaa, 13 Oktoba

Ninacho. Kina mihuri yote.

Simu ilianza kuita nikiwa kwenye foleni. Enesi. Ikaita tena. Niliizima, kwa sababu mtu akitoka nje kupokea simu anapoteza nafasi, na mbele yangu alikuwa amebaki mzee mmoja mwenye shida ya kiwanja. Nilipopewa karatasi nilimshika mama Fides mkono mpaka akashtuka. Nikatoka, nikasimama juani, nikawasha simu nimpe kaka habari.

Nikampigia Enesi, akapokea Ipyana. Nikaanza kumsomea kibali. Nilifika kwenye saa ya kuanza. Akasema, "Ezron. Kaka amepumzika." Nikasema vizuri, apumzike, kesho ni siku ndefu. Akasema, "Hapana, ndugu yangu. Amepumzika."

Nimekaa kwenye ngazi za ofisi. Watu walikuwa wanapanda na kushuka, wananikwepa. Mmoja aliniuliza kama foleni inaanzia kwangu.

Jumapili, 15 Oktoba

Tumemzika leo Iyula, juu ya shamba, karibu na baba na mama.

Kahawa imechanua kweli. Nyeupe kila mahali, na ile harufu. Nilikuwa nimeisahau.

Kibali nilikuwa nacho mfukoni. Nikampa mwenyekiti wa kijiji. Akakisoma, akasema hiki ni cha Tunduma na cha jana, na hapa mtu kumsindikiza ndugu yake haombi karatasi. Nikampelekea mchungaji. Akakikunja, akanirudishia, akanishika bega.

Sikuwa nimetangaza. Hakuna aliyebeba kipaza sauti. Lakini jeneza lilipotoka watu wakaanza kutokea kwenye mashamba, wenye majembe, wenye watoto mgongoni, na coaster zilizojaa watu wa Tunduma zikapaki chini barabarani. Mama Fides alikuwemo. Hata trafiki wangu, hana sare. Sijui walipashana habari vipi. Mstari ukapanda kilima hadi sikuona mwisho wake. Bendi ya Ipyana ilitembea mbele bila kupuliza, matarumbeta kwapani, yeye mwenyewe akiwa kati ya waliobeba jeneza. Mimi nilitangulia nikiwaelekeza watu wapite kushoto. Walikuwa wanapita kushoto tayari. Mwishowe Ipyana akanijia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Njoo ubebe, ni kaka yako." Nikaingia chini ya jeneza mahali alipokuwa yeye. Lilikuwa jepesi. Hilo ndilo linanitesa hadi sasa, wepesi wake.

Baada ya chakula nilimuuliza Enesi ilikuwaje. Alikuwa anaosha sahani, hakuinua macho. Akasema kaka alikaa kibarazani siku zote mbili, amefunikwa blanketi, anatazama maua. Alikuwa ametulia. Ijumaa asubuhi kila pikipiki ikipita chini anauliza, "Ni Ezron?" Wakawa wanamwambia bado, yuko njiani. Kaka akasema, "Mpisheni akija, akae hapa," akapapasa benchi upande wake.

Nikamwambia nilikuwa ofisini, shemeji, nilikuwa namshughulikia yeye.

Akasema, "Najua." Akanipa sahani nifute.

Nilifuta sahani zote. Zilipokwisha nikafuta tena.

Jumatatu, 23 Oktoba

Wazo! Mtaa! Mtaa wetu hauna jina la maana. Kwa nini usiitwe Mtaa wa Osea? Kibao cha chuma, maandishi meupe, pale kona ambapo kila mtu atakiona. Nimeuliza. Inahitaji mkutano wa wananchi, muhtasari, kata, halmashauri, kamati, na pengine baraza. Hatua nyingi, lakini mimi sasa ni mzoefu. Mama Fides amesema idara hiyo si yake. Alinitazama kama anataka kuongeza neno, akaniambia tu nipumzike.

Ipyana amekubali kuitisha vijana waje mkutanoni. Nitamwangalia. Lazima anataka jina lake liwe chini ya kibao.

Enesi amepiga simu asubuhi. Bado yuko Iyula, watoto wamesharudi makwao, wengine kazini Dar. Anasema jioni nyumba inakuwa kimya mno, anaongea na kuku. Akaniuliza kama naweza kwenda kukaa naye siku mbili tatu, si kwa kazi yoyote, tukae tu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamwambia nakuja, shemeji, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Kibao kikishasimama tu.

Sasa niwahi. Afisa ardhi hukaa ofisini asubuhi, na nimesikia foleni yake ni ndefu.