Ngamia Anayenimalizia Mbigili

Kiwanjani, Isiolo

Kwako Bwana Isacko, Afisa wa Kilimo wa wadi yetu,

Salaam aleikum. Mimi ni Mutembei, mwenye lile shamba la robo ekari ulilolikagua mwaka jana ukatikisa kichwa. Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu, nikimshtaki jirani yangu Kabale pamoja na ngamia wake.

1. Ngamia huyo hupitisha shingo juu ya ua na kula mbigili zangu, miiba na yote. Mbigili hizo nilikuwa nimepanga kuzing'oa mwenyewe. Nimepanga hivyo tangu 2022.

2. Kabale naye huingia mchana kweupe, akinisalimu kabisa, akachuma terere na managu, mboga za mwituni zilizojiotea katikati ya sukuma wiki yangu. Sukuma yenyewe haigusi. Bwana Afisa, hiyo ni dharau.

3. Jioni hutuletea maziwa ya ngamia. Kwetu Wameru chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hivyo nilikirudisha na majani sita ya sukuma. Kumbe kwao Waborana ni vivyo hivyo, kikarudi na maziwa. Tangu Februari chombo hicho hakijapumzika, na wanangu wamenenepa bila idhini yangu.

4. Hili ndilo kubwa. Kwa miaka mitatu nimemweleza mke wangu Karwitha kwamba sukuma haistawi kwa sababu ya magugu. Alinihurumia, hata akawa ananipakulia mnofu mkubwa. Sasa shamba ni safi, hakuna gugu hata moja, na sukuma ni ileile, ya manjano, urefu wa kidole. Juzi alisimama uani akaitazama sukuma, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kuona aibu kama ile tangu tuoane. Najua utasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika miaka mitatu, na ingeendelea vizuri kama si ngamia.

Kwa hivyo naomba ngamia afungwe mdomo, Kabale akatazwe kuchuma, na magugu yangu yarudishwe yalipokuwa kabla Karwitha hajaanza kuuliza maswali.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na yule askari wa getini aliyekataa kunifungulia.

Ni mimi mkulima wako, ninayengoja haki,
Mutembei

Tanbihi: Nilikuwa nikitafuta bahasha nilipopata habari kwamba Kabale anampeleka ngamia Kipsing kwa kaka yake, maana hapa mbigili zimekwisha. Watoto wanalia. Karwitha amekaa jikoni na chombo cha Kabale mapajani, hajui akirudishe na nini. Mimi mwenyewe nimeumia kuliko nilivyotarajia. Tafadhali chana barua hii yote. Nijulishe tu, kwa haraka, mbigili hupandwa msimu gani, na kati ya shina na shina huachwa nafasi kiasi gani.