Vita vya Armand Larocque na Kihisi Kilichosema Uongo

Sogeeni karibu na moto, enyi mpendao habari za mashujaa, na mwenye kikombe akiweke chini asije akakimwaga kwa mshangao; maana twasimulia vita vilivyopiganwa katika banda moja la mbao kule Vermont ya kaskazini, msimu ule theluji inapolainika na miti ya sukari kutoa utomvu, vita ambavyo havikumwaga damu, ila siagi kidogo.

Alikuwako Armand Larocque, Simba wa Tanuri, Mpasua Magogo, Mwenye Ndevu Zinazonata, aliyechemsha utomvu ukawa shira tangu ujana wake. Na alikuwako dada yake mkubwa, Verna, mwenye banda, mwenye miti, na mwenyekiti wa mkutano wa mji, ambaye kwa sauti yake hata ng'ombe angeketi. Mwaka uliopita Armand alitoka mlangoni kupiga soga na jirani, utomvu ukakauka nyuma yake, na karai kubwa la kuchemshia likaungua mpaka likatoboka. Verna akanunua jingine, kisha akatoa hukumu:

"Hili nalo likiungua, mdogo wangu, nafunga banda. Miti nawakodisha wale wa kampuni, na wewe shira utakwenda kuinunua dukani, kwenye chupa ya plastiki."

Simba akaingia vitani. Akajifunga silaha: kikompyuta kidogo cha kadiri ya biskuti, na kihisi akakitundika juu ya karai. Kihisi hutuma mlio usiosikika na sikio la binadamu, mlio ukagonga utomvu ukarudi, na kikompyuta kikajua kina chake. Utomvu ukipungua, king'ora kilie. Silaha iliyoje!

Lakini maadui wawili wakainuka kutoka karaini. Mvuke uliumeza mlio njiani, kihisi kikaapa kwamba karai ni tupu. Povu likavimba, kihisi kikaapa kwamba utomvu umefika darini. King'ora kikalia tangu chai ya asubuhi, paka akahama kwa jirani.

"Armand! Hicho kitu kinazaa au kinakata roho?"

"Kinajifunza, dada."

"Basi kikajifunzie nje!"

Na Jumamosi ilikuwa inakuja, siku ambayo mabanda yote hufunguliwa na watu humiminika kula shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, pamoja na donati na achari ya matango.

Armand akaikabili programu yake, akaiamuru: kipimo kimoja kisiaminiwe, vikusanywe kumi, vijumlishwe, vigawanywe. Shambulio likavunjika, kwani uongo mmoja mnene uliwavuta wakweli tisa kama gari bovu. Kwa ghadhabu akaamuru vikusanywe mia. Ndipo ukashuka ukimya, lo, ukimya mtamu, na shujaa akatembea kifua mbele kama jogoo aliyeliamsha jua. Kumbe utomvu unashuka, na programu, ikiwa bado inatafuna vipimo vilivyochacha, inasema mambo shwari. Pua ya Verna ndiyo iliyoamka. Akavuka banda na ndoo ya utomvu mkononi, akaliwahi karai likianza kunuka.

"Mia! Ulikuwa unangoja mia wakubali?"

"Ni wastani, dada. Wengi huwafunika waongo."

"Kwani kwenye mikutano yangu huwa unalala? Si juzi tu tumeuliza matope ya barabara ya mlimani yana kina gani? Hollis Tatro akasema yamelimeza trekta lake pamoja na bomba la moshi. Bi Eunice, ambaye hajatoka nje tangu Krismasi, akasema hakuna matope. Ningefanya huo wastani wako, tungenunua mashua."

"Ukafanyaje?"

"Nikasimamisha watano wa barabara ile, wa kina kidogo huku, wa kina kikubwa kule, nikamsikiliza wa katikati. Hollis hagawanywi, Armand. Hollis anawekwa pembeni."

Armand akairudia programu yake. Kisha akafuta yote, akaandika upya: vipimo vitano tu vya karibuni, vipangwe toka kidogo hadi kikubwa, kiaminiwe cha katikati, waongo na wapige kelele huko kwenye ncha.

Jumamosi ikafika, banda likajaa watu. Povu likainuka, Verna akalitupia kipande cha siagi, likanywea. Mvuke ukatanda mpaka watu hawaonani. King'ora kimya. Na Armand aliyajua makali ya kimya hicho. Donati ilimkaukia mkononi. Tena Hollis Tatro alikuwa amemnasa kiwiko, pale pale mlangoni pa mwaka jana, akimsimulia samaki aliyekuwa mrefu kuliko mtumbwi.

King'ora kikalia.

Simba akaruka, akawakanyaga wageni, akachungulia karai: utomvu umebaki kimo cha kidole! Akafungua bomba kwa mikono miwili. Utomvu ukaingia ukinguruma, na king'ora kikanyamaza chenyewe.

"Kibovu hicho," Hollis akasema. "Asubuhi nzima kimelia mara moja tu."

Verna akauendea mtungi wa achari. Alimchagulia mdogo wake tango nene kuliko yote mtungini, akalitia mkononi mwake. Kisha akatwaa penseli, akauendea ukuta ambao wazee wao waliandika mioto ya kwanza ya kila msimu, theluji kuu, na kifo cha farasi, akaandika chini yao: *Jumamosi. Karai halikuungua.*

Akafikiri kidogo, akaongeza: *Hollis alikuwepo. Pembeni.*