Utabiri wa Theluji Ulivyonivua Kanzu Great Barr

Jamani, leo nimevua nguo ukweni. Tena si ukweni kwangu, ni ukweni kwa mtoto wa marehemu dada yangu, ambako ni kubaya zaidi. Nimerudi sasa hivi, chai iko mezani. Jirani yangu Papa Faustin, niliyekwenda naye, ameshaanza kuwapigia watu simu, kwa hiyo nisikieni mimi kabla hamjamsikia yeye.

Kwa wageni wa jukwaa hili: naitwa Shabani, mtu wa Tanga, naishi Bordesley Green hapa Birmingham. Ugonjwa wangu ni utabiri wa hali ya hewa. Wenzangu wana mpira, mimi nina yule bwana wa kwenye TV anayesimama mbele ya ramani na kupunga mikono. Akisema mvua, nachukua mwavuli. Akisema theluji, nawatumia meseji watu wote niliowahi kupeana nao namba, hata fundi bomba. Sikuzaliwa hivi. Miaka minne iliyopita nililiona jua dirishani nikatoka na shati la mikono mifupi, theluji ikanikuta kituo cha basi Kings Heath, na vidole vya miguu sikuvisikia mpaka siku ya pili. Tangu hapo niliapa.

Sasa. Salum, mpwa wangu, anampenda Rukia wa Great Barr mwaka wa tatu huu. Binti ana adabu zake, anasomea ufamasia, hana neno. Mwenye neno ni baba yake, Mzee Mbwana. Mzee yule hacheki! Kuna barua ya posa ya kijana mwingine aliirudisha bila hata kuifungua, kisa mshenga alichelewa saa nzima halafu akaingia anatafuna bazoka. Salum analijua hilo, nami nalijua. Dada yangu hayupo, Mungu amrehemu, na wazee huku ugenini tunahesabika, kwa hiyo mshenga nikawa mimi. Miadi ilikuwa leo, saa nane mchana.

Wiki nzima kijana ananipigia. "Mjomba, tafadhali," anasema. "Tafadhali tu." Hamalizii, na mimi simuulizi.

Jana jioni nikakaa mbele ya TV. Yule bwana akatokea na uso wa msiba. Baridi chini ya sifuri, upepo mkali, uwezekano wa dhoruba ya theluji kuanzia mchana. Midlands yote imepakwa buluu. Asiye na lazima asisafiri, akasema. Mimi nina lazima! Na gari langu hita yake imekufa tangu mwezi wa kumi na moja. Na njia yetu inapita M6, na M6 ikizibwa na theluji watu wanakaa humo kwenye magari masaa na masaa. Nikajiona kabisa: mshenga kaganda barabarani, na Mzee Mbwana kule anaangalia saa.

Basi asubuhi nikavaa kwa kuufuata utabiri. Pajama ya flana yenye picha za kondoo, zawadi ya binti yangu Zuhura, sikuivua. Nilipokuwa bado na pajama tu, mke wangu Asha akaingia na barua ya posa. Imeandikwa kwa wino na mzee mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza, imefungwa kwenye leso nyeupe.

"Usiitie mfuko wa koti," akasema. "Ikinyesha wino wote utachuruzika."

Nikamwambia wewe ndiye mke. Nikaitia mfuko wa kifuani wa pajama, nikafunga kifungo. Halafu nikaendelea kuvaa. (Akili za mtu mzima hizo.) Sweta. Sweta jingine. Kisha sweta la Asha, la waridi, la shingo ndefu, maana yangu yalikuwa yamekwisha. Chini suruali ya treksuti. Juu ya hayo yote kanzu, juu ya kanzu koti la suti, halafu lile koti langu kubwa la baridi, na kofia yangu ya viua.

Zuhura Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu ni kwa Kiingereza. Aliniangalia juu mpaka chini. "Dad, you look massive," akasema, yaani nimekuwa jitu, akarudi kwenye kompyuta yake.

Nje ananingoja Papa Faustin, mtu wa Bukavu kule Kongo (kwao papa ni baba). Ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini posa haipelekwi na mtu mmoja, na mimi nikitaka mtu wa kusimama naye namchukua yeye. Amevaa shati, tai na koti jepesi. Basi.

"Papa Shabani," akasema, "weye unaenda posa ao unaenda kupanda mulima?"

"Subiri theluji," nikamjibu.

Kwenye buti la gari nilikuwa na koleo, blanketi na chupa ya chai. Tukaondoka. Barafu ya kwenye vioo ikayeyuka kabla hatujafika mataa ya pili. Mawingu yakafunguka. Tulipotokea Great Barr jua lilikuwa linawaka, na kibao cha duka la dawa kinaonyesha nyuzi kumi na moja. Kumi na moja! Wazungu wawili walikuwa wanaosha gari wakiwa na fulana tu.

"Hii météo yako iko bongo," akasema Papa Faustin. (Kwao météo ni utabiri wa hali ya hewa, na bongo ni uongo.)

"Kasema dhoruba ni mchana."

"Na sasa ni nini? Asubui?"

Nilikuwa nimeshaanza kulowa mgongoni.

Tulifika dakika kumi kabla ya saa ya miadi. Kutoka getini mpaka mlangoni pamemwagwa chumvi nyeupe ili barafu isigande, inalia chini ya viatu, na hakuna hata chembe ya barafu. (Chumvi hii ikumbukeni.) Tukapokewa, nikavuliwa koti kubwa, nikasema alhamdulillahi. Kisha mlango wa sebule ukafunguliwa.

Jamani, lile joto! Nyumba nzima walikuwa wamejiandaa na dhoruba. Hita zote zimewashwa, madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa. Mzee Mbwana amekaa kiti cha katikati, kanzu, koti la suti limefungwa vifungo vyote, skafu shingoni. Uso kaukunja. Pembeni yake mama yake, Bibi Mwanaidi, mtu mzima kabisa, amejifunika khanga na anajipepea kwa gazeti; ukutani wazee wengine wa ukoo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mmefika salama na hiyo theluji?"

Theluji gani, Bibi? Lakini nikasema tumefika salama. Mzee Mbwana akasema "Karibuni," akafunga mdomo. Hakusema zaidi. Ananiangalia tu, macho mekundu, taya imebana. Nikajua mambo yameharibika. Nikajiuliza tumekosea wapi, ni kuja na Papa Faustin, ni gari letu chafu, au keshasikia jambo kuhusu Salum. Ikaletwa chai ya tangawizi, inafuka moshi. Utaikataa chai ya ukweni? Nikanywa. Jasho likaanzia utosini likaenda zake mpaka kwenye soksi. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaichungulia: "Mjomba vipi?" Mtoto wa watu alikuwa kwangu Bordesley Green, hajala tangu jana.

Nikaanza. Nikasema tulivyotumwa, nikamtaja kijana, ukoo wake, kazi yake. Nilisema vizuri, nisijisifu. Hata Papa Faustin akawa anatikisa kichwa. Nikamalizia: "Na kwa heshima zote, barua yetu ni hii hapa."

Mkono ukaenda mfuko wa koti. Hamna. Mfuko wa kanzu. Hamna. Ndipo nikakumbuka. Ee Mola wangu!

"Mzee," nikasema, "naomba kwanza nielekezwe msalani."

"Maneno ya posa hayakatwi katikati," akasema Mzee Mbwana. "Toa barua, kisha uende."

"Kuitoa ndiko kunakotaka msala, Mzee."

"Barua iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya gari?"

"Ndani yangu," nikasema, nikajigusa kifuani.

Nikajaribu kupitisha mkono shingoni. Kanzu ikakubali, sweta la Asha likakataa. Shingo ndefu ile! Nikajaribu kutokea chini, nikaona nitaonyesha treksuti. Mzee Mbwana anapumua kwa nguvu puani. Papa Faustin akaninong'oneza, "Vua tu, ndugu yangu. Mungu anakuona."

Nikavua koti la suti. Nikashika kanzu kwa chini nikaivuta juu. Ikafika mabegani, ikagoma. Chini ya kanzu kuna masweta matatu, mabega yangu yalikuwa yamekuwa ya bondia. Nikavuta tena, masweta yakapanda pamoja na kanzu, kofia ikaanguka, nikabaki mikono juu, kichwa gizani, mbele ya wazee wa watu. Umeme wa masweta unatatarika masikioni, ta-ta-ta. Pumzi hakuna.

"Nyanyua mikono!" namsikia Papa Faustin. "Miye nitavuta!"

"Imeshanyanyuka!"

"Nyanyua ingine!"

"Nina miwili tu!"

Akavuta. Kanzu ikatoka na sikio langu nusura litoke nayo. Nikasimama pale na sweta la waridi la mwanamke. Likatoka nalo, kisha la pili, kisha la tatu. Lundo zuliani likafika magotini. Mwisho nikabaki na kondoo zangu, nywele zimesimama. Nikafungua kifungo cha mfuko, nikaitoa leso.

Imelowa. Barua niliyoikinga na mvua nimeilowesha kwa jasho langu mwenyewe. Nikaikabidhi kwa mikono miwili, nimeinama. Mzee Mbwana akaipokea. Akaiangalia leso, akaniangalia mimi, akasimama.

Hapo moyo ukanikatika. Nikamwona Salum na miaka yake mitatu. Nikamwona dada yangu, aliyeniachia kijana mmoja tu nimwangalie, nami nimemwendea posa na pajama. "Mzee," nikasema, "kosa ni langu, si la kijana. Mimi nifukuzeni. Barua isomeni."

Ndipo Bibi Mwanaidi akapasuka kicheko. Alicheka mpaka gazeti likamtoka mkononi, anajifuta machozi na pindo la khanga.

"Mbwana!" akasema. "Mbwana mwanangu, nawe vua basi, utakufa!"

Sikuelewa. Mzee Mbwana akafungua skafu. Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Akanyanyua kanzu yake kidogo, na mimi kwa macho yangu haya nikaona treksuti imechomekwa kwenye soksi. Kifuani, chini ya kanzu, sweta la shule la mwanawe, na chini yake jingine.

"Tangu saa tatu asubuhi naiva," akasema. "Nilitoka kumwaga chumvi njiani wageni wasije wakateleza. Narudi, wazee wa ukoo wameshakaa sebuleni wananingoja, nitawaacha vipi nikavue?"

"Kumbe Mzee hukununa?"

"Ninune kwa lipi? Nilibana taya nisizimie!" Akajipangusa uso. "Wewe ulipoingia unatiririka nikajua huyu naye kamsikia yule bwana wa ramani. Nikasema nisubiri, mmoja wetu atashindwa."

Jamani, nilikaa chini bila kukaribishwa. Yule mzee asiyecheka alianza kwa kutikisika mabega, kisha tumbo, kisha akacheka kama watu wote, na Papa Faustin akaenda kufungua madirisha mwenyewe bila kuuliza. Upepo uliingia. Sijawahi kuupenda upepo wa Birmingham namna ile.

Barua ikafunguliwa. Jina la kijana linasomeka, la binti linasomeka, salamu zote zinasomeka. Lililochuruzika ni jina la mshenga. (Sawa tu.)

Kisha tukaletewa pilau. Imepikwa, nyama laini, viungo vyote, chumvi hakuna hata chembe. Yote ilikuwa imemwagwa njiani. Mama wa nyumba alisimama mlangoni akimtazama mumewe kwa jicho ambalo hata mimi lilinipata, na sisi wanaume tukala tukiisifia.

Wakati wa kuaga Mzee Mbwana akanishika mkono. "Jibu la maandishi litakuja wiki ijayo kama desturi," akasema. "Lakini mwambie kijana ale."

Nilimpigia Salum tukiwa bado getini, nimesimama juu ya chumvi. Nikamwambia, "Kale." Nikamsikia analia, na mimi nikamgeuzia Papa Faustin mgongo nikajifanya natafuta ufunguo wa gari. Nimepumua, jamani. Wiki nzima nilikuwa sijapumua.

Tulipokuwa tunaingia garini Mzee Mbwana akatuita kutoka mlangoni, sasa hana koti wala skafu: "Mshenga! Mungu akipenda harusi tutaiweka mwezi wa saba. Na wewe uje na kanzu moja!"

Nimeahidi. Ila sweta la waridi litakuwa kwenye buti la gari, maana mwezi wa saba wa Birmingham nao naujua.