Goti la Baba Lipone Kabla ya Jumatatu

Jumanne, 6 Agosti

Shule imefungwa. Nilikuwa nimepanga kusoma sayansi likizo yote. Badala yake nimepata mgonjwa.

Leo nimempeleka Baba hospitali. Mama yuko kazini, anafua mashuka ya hoteli, na Shangazi alikataa kwenda, akasema huko watamkata ndugu yake mguu. Hawakumkata. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mwenye mikono mikubwa, alimlaza Baba kitandani akalikunja goti la kulia. Likalia kama mchanga chini ya kigae! Baba ni fundi vigae. Maisha yake yote amepiga magoti kwenye sakafu za watu.

Mtaalamu alieleza kwamba gegedu, ule mto ulio kati ya mfupa na mfupa, limelika, wala haliwi jipya tena. Ila maumivu yanaweza kupungua bila kisu. Baba aimarishe misuli ya paja, apunguze uzito, atembee kiasi, achue goti kwa dawa, na fimbo aishike mkono wa kushoto. Baba aliuliza atapona lini. Akaambiwa ajipe miezi mitatu: mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, bila pupa.

Miezi mitatu! Jumatatu anatakiwa kazini. Kuna jengo jipya la ofisi, ukumbi mzima unasubiri vigae. Asipofika, msimamizi atachukua mtu mwingine, na kazi nyingine haipo. Njia nzima Baba alichechemea. Mimi nilikuwa napiga hesabu.

Jumatano, 7 Agosti

Hesabu imekubali. Mazoezi ya miezi mitatu ukiyagawa kwa siku tulizonazo ni mengi, lakini si ya kuua mtu. Mbona mimi nilisoma jiografia ya muhula mzima kwa siku mbili nikashika nafasi ya tatu? Goti haliwezi kuwa gumu kuliko jiografia.

Tumeanza. Baba analala chali mkekani, ananyoosha mguu, anauinua, anaushusha. Alipofika ishirini aliuliza kama kweli mtaalamu alisema hivi. Alipofika sitini aliacha kuuliza. Jasho lilimtoka hadi kwenye masikio. Nikamwambia mtaalamu anapenda jasho. Hakusema hivyo, lakini angeulizwa angesema.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, anaishi nasi, na anajua kila kitu. Alisimama mlangoni akasema mdogo wake alikwenda hospitali na mguu mmoja mbovu, sasa daktari wa chaki anamtengenezea wa pili. Daktari wa chaki ni mimi. Ana chupa yake ya mafuta ya pilipili, ndiyo tiba yake ya kila kitu. Nimeificha nyuma ya gunia la mkaa.

Alhamisi, 8 Agosti

Ameipata chupa. Vita!

Mimi nilikuwa nimeshafunga barafu gotini. Yeye akaja na mafuta yake, akachua juu ya goti huku mimi nimeshikilia barafu chini. Baba, katikati yetu, alisema mguu wake umechanganyikiwa, haujui uvae koti au uvue shati. Kisha akajifuta jicho kwa mkono uliokuwa umelishika goti. Tulimmwagia maji mpaka kopo likaisha.

Kwenye chakula tena. Mimi nampunguzia, kwa sababu ya uzito. Shangazi anamwongezea, kwa sababu ya huruma. Baba hapendi kumuudhi mtu, basi akala sahani zote mbili.

Na goti limevimba. Linang'aa kama limepakwa rangi. Mama alipotoka kazini alilitazama, akaniuliza Baba anafanya mazoezi mara ngapi. Nikasema mara kumi. Ni kweli. Kumi, halafu kumi, halafu kumi.

Ijumaa, 9 Agosti

Kipara amekuja. Amefanya kazi na Baba tangu mimi sijazaliwa. Alisema amekuja kumjulia hali rafiki yake Pima Maji. Ndivyo wanavyomwita Baba kazini, kwa kuwa jicho lake huona kigae kilichoinama kabla ya kifaa chenyewe cha kupimia usawa. Hali gani? Anaitaka nafasi! Nikamwambia Baba hayupo, amekwenda kucheza mpira.

Hapo hapo Baba akaita kutoka chooni.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Alikuwa ameshindwa kuinuka. Aliita, njoo mama, njoo unipe mkono. Huniita mama akiwa na furaha. Leo haikuwa furaha. Kipara alinipita akaingia. Nilisikia akisema taratibu ndugu yangu, nimekushika, usione haya, ni mimi tu. Baba alitoka ameinamisha uso. Kipara hakusema neno juu ya mpira. Huo ndio ujanja wake.

Sikukubali. Nilikimbia mpaka kwenye jengo, nikamtangulia. Nikamwamkia msimamizi kwa heshima zote, nikamwambia Baba amepona, anapiga magoti kutwa na anainuka bila kushika kitu. Aliuliza kama nina hakika. Nikaapa. Akasema vizuri sana, basi nimemrahisishia jambo.

Nimerudi nikiruka ruka.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ya mwisho ya mazoezi. Mguu wa suruali haupiti gotini. Baba aliomba leo apumzike. Nilimwambia tumebakiza kidogo sana, na mwanafunzi haachi kitabu kurasa zikiwa zinakwisha. Akasema haya mama, kwa ajili yako. Akalala mkekani.

Mama amefumua mto wake mwenyewe, akashona sponji ndani ya suruali ya kazi. Shangazi alikuwa analia jikoni. Nilipomuuliza alisema ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nilimbebea Baba mfuko wa vifaa. Msimamizi alimwonyesha kona ya ukumbi. Baba akashuka chini polepole, akatandaza saruji, akaweka kigae cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Vimelala sawa kama maji kwenye beseni. Nilijivuna!

Kisha akatakiwa kusogea nyuma. Hakusogea. Alishika ukuta. Akaachia ukuta, akaweka mikono yote miwili chini kama mtoto anayetambaa. Watu wakaacha kazi. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Walimnyanyua wawili. Mmoja alikuwa Kipara, naye alipoinama aliguna akashika kiuno. Alitokea kwenye mashine ya kukatia vigae. Kazi ile hufanywa mtu amekaa, kwenye kiti.

Msimamizi alizungumza na Baba kwa sauti ya chini, lakini nilisikia. Alisema habari za goti alikuwa nazo siku nyingi. Kiti kile alikuwa amemwekea Baba. Lakini Ijumaa binti yake mwenyewe alikuja akaapa kwamba amepona. Kipara alibisha, ila yeye hakuona kwa nini mtoto amsingizie babake uzima. Basi kiti akampa Kipara, maana mgongo umemharibikia. Kiti ni kimoja.

Baba alisema amesikia. Akashukuru.

Tukarudi. Aliniegemea begani, upande wa kushoto, kama mtaalamu alivyofundisha kuhusu fimbo. Hilo angalau tulilifanya sawa. Nilingoja anigombeze. Aliniuliza tu kama mfuko si mzito.

Jumatano, 14 Agosti

Hospitali tena. Mtaalamu alilishika goti, akauliza nani amelifanya hivi. Baba akajibu haraka kwamba ni yeye mwenyewe, alikuwa na pupa. Mtaalamu alisema msuli haushibishwi siku moja kama mgeni. Goti la kulia lipumzike mpaka uvimbe uishe, kisha waanze upya, mara chache. Na mafuta ya pilipili Baba aendelee nayo, yanasaidia. Shangazi safari hii alikuja kwa hiari yake. Alinitazama tu, kuanzia hospitali hadi kitandani kwangu.

Baba sasa anakaa dirishani. Anatazama sakafu yetu ya saruji. Mama ameomba zamu ya pili ya mashuka.

Nimejifunza uvumilivu. Nimevumilia tangu asubuhi.

Goti la kulia lipumzike, sawa. La kushoto mtaalamu hakulitaja kabisa! Kesho tunaanza nalo, mara mia, ili ukija wakati wa kazi liwe na nguvu za magoti mawili. Nilipomweleza Baba alifumba macho. Nadhani ni matumaini.

Na kile kiti nimekipatia njia. Msimamizi ni mtu anayesikiliza watoto. Kesho nitamwendea mapema, nimwambie nimemwona Kipara sokoni amejitwika gunia mgongoni, anapiga mluzi. Mtu mwenye mgongo mzima kiti cha nini?