Kimya wa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimechaguliwa. Wanawake sita kampuni nzima, na mimi nimo. Mafunzo ya uongozi kwa wanawake wa teknolojia, majuma manne. Atakayefanya vizuri atapewa kiti cha mkuu wa kitengo cha majaribio, ambacho kiko wazi tangu mkuu wa zamani alipohama. Kiti hicho ni changu. Nimejaribu programu za watu miaka kumi na miwili. Nabonyezabonyeza mpaka kitu kiharibike, kisha nawaambia waliozitengeneza kwamba wameboronga. Hakuna anayenipenda. Naona hiyo ni dalili ya uongozi.

Tatizo ni Bi Vidole. Naye kachaguliwa. Tunamwita hivyo kwa jinsi anavyoandika kwenye kompyuta, kama mvua inayopiga bati. Miaka mitano tu kazini, na kila mtu anampenda.

Mkufunzi ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba sote sita tuliinama mezani ili tumsikie. Hapepesi macho. Nilimwangalia kwa makusudi saa nzima. Katupa sharti moja: kila mmoja amchukue mfanyakazi wa kike aliye chini yake, amwinue, na kuleta ripoti. Hatatupima sisi, alisema. Atampima yule tuliyemwinua.

Kabla hatujafika kwenye lifti, wasichana watatu walikuwa wameshamwomba Bi Vidole awachukue. Mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Jumanne, 4 Machi

Nilimwendea binti wa huduma kwa wateja. Akasema ana kazi nyingi. Yule wa michoro akasema amekwishaahidiwa. Wa tatu aliniona nikitoka kwenye lifti, akageuka na kushuka kwa ngazi.

Nyumbani nikamweleza wifi. Huyu ni dada wa mume wangu. Amekaa nami tangu mume wangu alipohamishiwa kazi mbali. Anashona nguo sebuleni na ana neno kwa kila jambo. Akaniuliza kama namkumbuka yule msichana wa kazini aliyekuwa akipiga simu nyumbani kuniomba nimwelekeze kazi, nami namjibu wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka akaacha kupiga. Nikasema simkumbuki. Wifi akakata uzi kwa meno na kusema kwamba yeye anamkumbuka.

Alhamisi, 6 Machi

Nina akili kuliko ninavyodhaniwa. Fomu ya Mkufunzi haitaki picha wala sahihi. Inataka maelezo tu. Basi mtu wangu nimemtunga.

Nimemweka ghorofa ya nne, chumba cha kumbukumbu, ambako hakuna anayekwenda. Kuna kompyuta za zamani na baridi ya kuumiza mifupa. Penye jina nikaandika Kimya, nikaeleza kwamba ndivyo anavyopenda kuitwa, ni mpole, hajichanganyi na watu. Hivyo asipoonekana, hakuna atakayeshangaa.

Ripoti ya kwanza nikaitia chumvi ya kutosha. Kwamba Kimya hujifungia chooni na kulia kabla ya kila mkutano. Kwamba nimempa leso yangu. Kwamba namfundisha kusema na watu bila kutazama chini. Nilipoisoma tena, nikaguswa mwenyewe.

Mkufunzi akaisoma mbele ya wote. Bi Vidole alifuta machozi. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumatatu, 10 Machi

Jambo dogo tu, naliandika ili nipate kulisahau. Kabla ya mkutano wa saa nne nilipita chooni. Mtu alikuwa analia chumba cha mwisho. Kilio cha chini, cha mtu aliyejiziba mdomo. Nikasema pole. Kikakatika pale pale. Nikangoja. Nikasukuma mlango, haukuwa umefungwa, na ndani hapakuwa na mtu. Juu ya tangi la maji kulikuwa na leso ya buluu imelowa, ina herufi za jina langu pembeni. Wifi ndiye aliyezitarizi.

Leso hiyo naitunza kabatini nyumbani. Nimerudi, nimepekua kabati zima. Haipo. Wifi anasema mimi hupoteza hata miwani iliyo usoni. Ni kweli. Basi, yameisha.

Ripoti ya pili nimeipeleka: Kimya sasa hufika kazini kabla ya watu wote na huona kasoro ambazo wengine hawazioni.

Jumatano, 12 Machi

Kasoro imepatikana katika programu ya kliniki, ile ya wagonjwa kuweka miadi. Mgonjwa akiahirisha mara tatu, jina lake hufutika kabisa, na hakuna daktari atakayejua kwamba aliwahi kuwepo. Programu hiyo niliijaribu mimi. Niliipitisha mimi. Wiki ijayo ilikuwa iende kwa wateja.

Taarifa ilitumwa saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, kutoka kompyuta ya ghorofa ya nne. Watengenezaji wanasema hawajaona kazi safi kama hiyo. Bi Vidole akaniuliza mbele ya kila mtu, "Dada, ni yule Kimya wako?"

Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Nimemfundisha mwenyewe."

Nikiwa natoka, mama wa mapokezi aliniita kunisifu. Anasema yule binti yangu wa ghorofa ya nne ana adabu, hufika kabla taa za ukumbini hazijawashwa na husalimia kwa kushika mkono. Nikamuuliza anafananaje. Akafikiri, akafikiri tena, mpaka tabasamu likamfifia.

"Unajua, mama, sura yake hainijii," akasema. "Ila mkono wake ni wa baridi sana."

Ijumaa, 14 Machi

Nimepanda ghorofa ya nne. Saa saba mchana, jua kali nje, watu wamejaa kwenye lifti wakizungumza habari za mpira. Wote walishuka ya tatu.

Chumba cha kumbukumbu kiko mwisho wa korido. Nilitarajia vumbi, na vumbi lilikuwepo, isipokuwa juu ya meza moja. Meza hiyo imefutwa ikang'aa. Kiti kimesogezwa nyuma kidogo, kama mtu aliyeinuka kumpisha mgeni. Kikombe cha chai kinatoa mvuke. Nikagusa kiti. Kina baridi kama jiwe.

Palikuwa na daftari. Ukurasa wote, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, umeandikwa maneno mawili tu, mstari baada ya mstari: wiki ijayo, wiki ijayo, wiki ijayo.

Nilishuka kwa ngazi. Sikumbuki nilivyoshuka.

Nikampigia wifi simu, nikamwomba amtafute yule msichana wa zamani. Wateja wake wa nguo wanajua habari za kila mtu. Baada ya saa moja akapiga. Msichana yu hai, ana watoto wawili, ni mkuu wa idara katika kampuni nyingine. Wifi aliongea naye kabisa. Hanikumbuki.

Kwa hiyo si yeye. Nilifarijika. Baadaye ile habari ya kutokumbukwa ikaanza kuniuma.

Na kuna tatizo jingine. Kampuni nzima wananong'ona kwamba kiti cha mkuu wa kitengo huenda akapewa Kimya. Mtu niliyemtunga mimi, kwa akili yangu, kwenye meza yangu! Haiwezekani. Nimeandika ripoti ya tatu: Kimya amelegea, anachelewa, na isitoshe ni mwongo.

Jumatatu, 17 Machi

Mkufunzi kaniita peke yangu. Chumba kidogo cha mikutano, kile chenye ukuta wa kioo na viti vinne. Nikakaa nimeupa mlango mgongo. Akanisukumia karatasi mbili. Moja ni ripoti yangu. Ya pili, akasema, ni ripoti ya Kimya kuhusu mimi.

"Hazilingani," akasema kwa sauti yake ile. "Wewe unasema anachelewa. Kumbukumbu za mlango zinaonyesha hufika wa kwanza kila siku. Wewe unasema unakaa naye kila Jumanne. Yeye anasema hamjawahi kuonana hata siku moja."

Hapo mtu mwenye busara angesema kweli. Nilikuwa nayo mdomoni, naapa, ilikuwa imefika kwenye meno.

Nikasema, "Huyo binti ni mwongo."

Mkufunzi akatazama juu ya bega langu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapepesa macho.

"Yuko nyuma yako," akasema. "Mwambie mwenyewe."

Baridi ilinishika shingoni kama mtu kaniwekea kitambaa kibichi. Kwenye kioo kilicho mbele yangu niliona kivuli changu kimekaa, na nyuma yake kingine kimesimama, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayengoja kwa heshima aambiwe neno. Nikasikia akivuta pumzi ya kutaka kuanza kusema.

Sikugeuka. Nikasema nina kikao. Nikainuka nikiwa nimeutazama ukuta, nikatembea upandeupande kama kaa mpaka mlangoni, nikatoka. Nikaangusha kiti kimoja. Nyuma yangu nilisikia mtu akikiinua.

Jumanne, 18 Machi

Usiku sikulala, lakini asubuhi jibu lilikuja lenyewe. Niliyemleta kwa maandishi ataondoka kwa maandishi. Nimeandika barua ya Kimya ya kuacha kazi. Sababu za kifamilia. Nikashukuru kampuni kwa niaba yake. Nikaituma kwa meneja saa tatu kamili, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi chai ikaniteremka vizuri kooni.

Saa nane meneja akatukusanya wote ukumbini. Uso wake ulikuwa umetota jasho. Akasema tumenusurika kumpoteza mtu adimu, kwamba wamekaa naye saa mbili kumbembeleza, na kwamba amekubali kubaki. Kama mkuu wa kitengo cha majaribio.

Makofi yakalipuka. Watu wote walisimama, na mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Nilichungulia huku na huku. Niliona bega tu la blauzi ya kijivu, likashuka, likapanda, kama mtu anayeinamisha kichwa kutoa shukrani. Kisha migongo ikaniziba.

Bi Vidole akanitafuta. Alikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja changu. Akakaa kando yangu kwenye ngazi. Halafu akasema, "Dada, mimi nakuambia kweli. Kumwinua mtu mpaka akupite, mimi nisingeweza. Ningemzuia mahali fulani bila hata kujijua."

Hakuwa akinicheka. Macho yake yalikuwa makavu na mazito. Miaka mitano nimemchukia mtu huyu, na hii ndiyo mara yetu ya kwanza kukaa pamoja. Nikafungua mdomo nimwambie yote: fomu, leso, barua. Akaniwahi, akasema atamwomba Mkufunzi anitaje kwenye hotuba ya kufunga mafunzo, kama mfano kwa wengine.

Nikafunga mdomo. Nikamuuliza kama hotuba hiyo itachapishwa kwenye jarida la kampuni.

Alhamisi, 27 Machi

Meza yangu imehamishiwa ghorofa ya nne tangu wiki iliyopita. Amri ya mkuu mpya. Chumba hakina dirisha. Nikienda kunywa chai, nikirudi nakuta karatasi juu ya meza: kazi za siku, kwa mwandiko ule mzuri. Nikikosea, nakuta kosa langu limezungushiwa duara na njia ya kulirekebisha imeelezwa hatua kwa hatua, bila neno hata moja la ukali. Yuko sahihi kwa kila jambo. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Chini ya kila karatasi ananiuliza nikae naye lini tuzungumze. Mimi huandika: wiki ijayo.

Kiti cha mbele yangu husogea kidogo kila saa kumi jioni, wakati wa kutoka. Nimezoea kukusanya vitu vyangu bila kuinua macho.

Asubuhi nilimweleza wifi kila kitu. Hakucheka. Aliacha cherehani, akanishika mikono, akasema, "Wifi, nenda kwa yule Mkufunzi. Mwambie ulidanganya. Kisha kaa na huyo binti, awe mtu au asiwe mtu, umwombe radhi. Hakuna jingine."

Nikamwambia amesema maneno ya maana sana. Niliyafikiri njia nzima. Nilifika ghorofa ya nne nikiwa nimeamua.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kila mkuu ana mkubwa wake. Kosa langu lilikuwa moja tu, nilimtunga mtu mpole, na mpole kila mtu humhurumia. Nimekaa kwenye kompyuta ya zamani tangu saa tatu, nimewaandikia wakurugenzi barua ya kumtambulisha mwanamke atakayesimamia vitengo vyote, kuanzia cha Kimya. Nimempa umri wa makamo. Nimempa ofisi ghorofa hii hii, ili amkague kwa karibu. Nimempa ukali wa kutosha na kumbukumbu isiyosahau jambo. Niliposoma tena nikaona bado amepungukiwa, nikaongeza mstari wa mwisho kwamba kuna aina moja ya watu ambao hajawahi kuwasamehe, nao ni waongo.

Imekaa vizuri. Nimeituma.