Mafuta ya Magoti ya Mama

Wenzangu wa humu kundini, leo nimejivua nguo mwenyewe mbele ya mtaa mzima. Hakuna aliyenisukuma. Naandika haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa msinisahihishe.

Mnajua niko likizo. Kazi yangu ni kukata mboga kwenye hoteli moja kule Kendwa (mama huwaambia watu mimi ni mpishi mkuu, mwacheni), na nimerudi mjini kwa jambo moja tu: kusubiri jibu la posa. Tumeposa kwa Raya, binti wa sheha wetu. Yaani serikali ya mtaa inalala nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sheha alipopokea posa alisema, "Tutakujibuni." Wiki mbili sasa, kimya. Nikikutana naye msikitini ananiitikia salamu kama anavyowaitikia watu wote. Silali. Chakula hakishuki. Nina mvi mbili kwenye ndevu na zote ni za mwezi huu.

Kule kazini kuna jamaa mwenye ushauri wa kila kitu. Akaniambia mtu mwenye wasiwasi kama wangu dawa yake ni bangi, lakini si ya kuvuta. Unaipika kwenye mafuta, mafuta unayatia kwenye kaimati, unakula moja, unatulia. "Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna atakayejua," alisema. Mimi hata sigara sijawahi kuvuta. Najua ni haramu, najua ni kosa la jinai, na nimeshawaambia nyumba ya sheha ilipo. Nikaichukua kwake vilevile. Mtu anayesubiri jibu la posa akili zake hazipo kichwani, zimekwenda ukweni kumsubiria.

Leo asubuhi mama akaenda Tunguu kumtazama dada yangu anayesoma chuo kule. Akasema atarudi magharibi. Nikafunga mlango, nikachukua sufuria yake ndogo na mafuta ya nazi, nikaanza. Vipimo msiniulize. Ningekuwa mtu wa vipimo nisingekuwa na kisa hiki.

Haikupita muda harufu ikainuka. Jamaa yule muongo! Ilikuwa harufu nzito, ya nyasi mbichi zilizoungua na kwapa la mbeba mizigo. Nikafunga dirisha, ikanijaa mwenyewe nikaanza kukohoa. Nikafungua, ikatoka yote uchochoroni. Na uchochoro wetu mnaujua, ukinyoosha mkono dirishani unamshika jirani bega.

Hapo nikapata wazo. (Mawazo yangu ya leo yote yalistahili kufungwa.) Nikawasha makaa kwenye chetezo, nikafungua mkebe wa udi wa mama, ule anaoutunza kwa Sikukuu, nikatia. Sikutia kipande, nilitia vipande. Udi ukafuka nyumba nzima ikanukia, na ile harufu nyingine ikazama chini yake. Nikajipongeza.

Nilichosahau ni kitu ambacho kila mtu wa mjini hapa anakijua. Jumatatu, saa sita mchana, udi mwingi, nyumba yenye kijana aliyepeleka posa. Huo si udi tena. Hilo ni tangazo.

Dirisha la ng'ambo likafunguka. Bi Zuleikha. Huyu ni jirani yetu tangu mimi sijazaliwa, na habari ikipita mtaani bila ya kupitia kwake huona kama kaibiwa.

"Haji!"

"Naam. Shikamoo, Bi Zuleikha."

"Marahaba. Mshajibiwa?"

"Kujibiwa nini?"

"Udi wote huo wa nini, mwanangu? Wakwe wapo njiani na mamako hakunambia mie?"

Nikaiona hatari. Habari ikimfika sheha kwamba sisi tunafukiza udi wa kupokea jibu ambalo yeye hajalitoa, tutaonekana watu wasio na adabu. Lazima niseme kitu. Nikasema cha kwanza kilichokuja.

"Hakuna wakwe, bibi. Nnapika dawa ya mama. Mafuta ya magoti."

(Mama yangu hajalalamika goti hata siku moja maishani mwake.)

"Umetia nini humo?"

"Mwarobaini. Na majani mengine mengine."

Akavuta pumzi ndefu kwa pua, akatikisa kichwa kama daktari aliyeridhika. "Ndo maana yananuka hata na udi. Dawa isonuka si dawa."

Akafunga dirisha. Nikashusha pumzi, nikaepua sufuria. Mafuta yametoka kijani. Robo saa haijafika, hodi mlangoni. Bi Zuleikha tena, safari hii na kichupa kitupu cha marashi.

"Ntilie kidogo, baba. Goti la kushoto halinipi usingizi."

Sasa niambieni nyinyi ningesemaje. Chumvi unaweza kumwambia jirani imekwisha. Dawa humnyimi mtu, tena sufuria ipo mbele ya macho yake na umeshamtangazia mwenyewe. Nikajiambia, hii ni ya kupaka tu, goti halilewi. Nikamtilia.

Kosa. Baada ya sala ya adhuhuri wakaja wengine watatu, kila mmoja na chupa yake. Mwanzo nilikuwa natokwa jasho. Halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kuona raha. Walikuwa wananisifu! Mmoja akasema siku hizi kijana gani anampikia mama yake dawa. Mwengine akasema Raya akimkosa huyu atakuwa kakosa mume. Huyo wa pili nilimjazia mpaka shingoni mwa chupa. Nikaanza na kutoa maelekezo: paka asubuhi na jioni, usipake penye kidonda. Mimi, mkata karoti.

Ikafika alasiri. Hodi. Nafungua mlango, sheha.

Kanzu imepigwa pasi. Amemshika mkono mama yake, Bibi Mize, nyanya yake Raya, mtu mzima sana ambaye hatoki ndani ila kwa harusi au maziko. Nikawaamkia, sauti ikatoka nusu. Nikawakaribisha ukumbini.

"Nasikia umekuwa tabibu," Bibi Mize akasema. "Nami nna magoti mawili, yote mabaya."

Sheha akatabasamu. Sheha, jamani! Wiki mbili hizi sijawahi kuyaona meno ya yule mzee. Nikaona leo ndiyo siku yangu. Nikaenda jikoni, nikamletea mafuta yaliyobaki kwenye kikombe kizuri, chenye maua.

Bibi Mize akayanusa. "Lete kijiko."

"Ni ya kupaka, bibi."

"Mie sipaki kitu mwilini mwangu sijakilamba. Ndivyo nlivyolelewa. Lete kijiko."

Nimesimama pale sijui niende mbele au nyuma, mlango ukafunguliwa na mama akaingia. Amerudi mapema. Akawaamkia wageni, akanitazama mimi, akatazama chetezo chake. Sheha akamwambia kwa upole kabisa, "Pole na magoti, Bi Asha."

"Magoti ya nani?" mama akauliza.

Nikamkonyeza kwa macho yote mawili. (Kukonyeza kwa macho yote mawili ni kufumba macho tu. Nimelitambua baadaye.)

Bibi Mize hakungoja mazungumzo ya magoti yaishe. Kijiko alikiona mwenyewe juu ya meza, akakivuta. Nikaanza kujitetea.

"Bibi, bado ya moto."

"Yashapoa."

"Lazima yalale siku moja ndo yatumike."

"Hiyo siku moja mie nnayo?"

Akachota. Kijiko kimejaa. Akapiga bismillahi. Mkono wake ukapanda taratibu, unatetemeka, tone likaangukia kwenye buibui lake. Nataka mjue kwamba nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nikinyamaza, sheha anatabasamu, Raya ni wangu. Lakini nilimtazama yule bibi wa watu, presha anayo, mwili mwepesi kama khanga, amenifungulia kinywa chake kwa kuniamini. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Bibi usinywe! Ni bangi!"

Sikusema. Nilipiga ukelele. Dirisha liko wazi. Kule ng'ambo nikasikia kitu cha bati kikianguka sakafuni.

Kijiko kikabaki hewani. Sheha akakitoa kwenye mkono wa mama yake, akakirudisha kikombeni, akageuka kwangu. Tabasamu limeshaondoka, na sidhani kama litarudi mwaka huu.

"Nani mwengine umempa?"

"Watu wane."

"Wamekunywa?"

"Wamepaka tu. Nliwambia wapake."

"Tangulia. Kila mlango utabisha wewe na utasema wewe."

Jamani, mlango kwa mlango. Sheha nyuma yangu, mikono mgongoni. Mimi mbele: "Hodi. Nimefuata kile kichupa. Si dawa. Ni bangi." Wa kwanza alinipa chupa kwa ncha za vidole kama ananikabidhi nge. Wa pili, yule niliyemjazia mpaka shingoni, alicheka akakaa kitako ngazini, akanyanyuka, akanitazama, akakaa tena. Wa tatu hakucheka, alisema tu, "Masikini Raya." Hilo liliniuma kuliko kicheko. Namshukuru Mungu wote walikuwa wazima na hakuna aliyetia mdomoni.

Wa mwisho Bi Zuleikha.

"Mie nshapaka," akasema. "Goti limepoa. Sirejeshi."

"Bi Zuleikha," sheha akamwambia.

"Sheha, wewe huumwi goti, hujui."

Sheha akamnyooshea kiganja. Mwisho bibi akakitoa, lakini alikiangalia kile kichupa kama mtu anayeaga msafiri.

Tukarudi kwetu. Nikamwaga yote chooni, sheha amesimama mlangoni ananiangalia, nikasafisha sufuria kwa mkono wangu. Mama alikuwa amekaa ukumbini na Bibi Mize. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Miaka yote nnatembea kwa miguu yangu," alisema. "Leo mwanangu kanipa maradhi nsokuwa nayo, kwa ajili ya bangi, ndani ya sufuria yangu ya maziwa."

Niliona haya mpaka masikio yakaniwasha. Nikaomba radhi. Kwake, kwa Bibi Mize, kwa sheha. Nadhani na kiti nilikiomba radhi.

Sheha akaniuliza, "Unajua leo nlikuja kwa nini?"

"Kumleta bibi, kwa dawa."

"Mama ndo alokuja kwa dawa. Mie nlikuja na jibu."

Nilishika ukuta. "Jibu gani?"

"Lilikuwa ndiyo."

Lilikuwa. Wiki mbili za kutolala, na jibu langu likaja na mguu mmoja kaburini.

"Na sasa?" mama aliuliza.

"Sasa nnalirejesha nyumbani, Bi Asha. Na nikiisikia harufu hii tena, ntampeleka kituoni kwa mkono wangu, awe mkwe asiwe mkwe."

Akanyoosha mkono kumsaidia mama yake kuinuka. Bibi Mize hakuushika.

"Kaa," akamwambia.

Sheha akakaa. (Sheha ni sheha kwetu sisi. Kwa mama yake ni mtoto.)

"Huyu angenyamaza mie ningekunywa," Bibi Mize akasema. "Na wewe ungetoa ndiyo yako, tukala halua, na hapana ambaye angejua. Muongo kweli. Na mjinga, huo ujinga wake sijapata kuuona. Lakini pale kwenye kijiko alikuwa na posa mkononi, akaitupa kwa sababu yangu. Hilo nalo uliweke kwenye hesabu."

Sheha akahesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Miezi sita. Namtazama miezi sita, halafu ndo ntajibu." Akanigeukia. "Kila alfajiri ukiwa mjini nikuone msikitini, safu ya mbele."

Wakaondoka. Mama tangu hapo hajanisemesha. Lakini anapanda na kushuka ngazi za nyumba bila ya sababu yoyote, haraka haraka, huku madirisha yote yakiwa wazi, ili majirani wamwone.

Baada ya magharibi simu ikaingia ujumbe. Raya. Tangu nipeleke posa hajaniandikia hata herufi moja, kwa adabu. Nimeusoma nimesimama.

"Bibi kanihadithia yote. Miezi sita ntangoja. Lakini nikiolewa, jikoni kwangu usikanyage."

Nimeusoma mara nyingi na bado sijui nilie au nisali. Basi naombeni mtu asinicheke humu kundini. Nina miezi sita ya kuonyesha kuwa mimi ni mtu wa maana, na siku ya kwanza ndiyo hii niliyowahadithia.