Unga wa Kujipaka

Jumatatu, Machi 4
Nimeacha bekari! Nimeanza gereji ya matairi upande wa pili wa Framingham. Mshahara mnono, bosi hafoki. Ila fomu zetu za kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa Marekani ninayoombewa na mke wangu, zinasema mimi mwoka mikate, na mahojiano ya ndoa ni tarehe 14. Jirani yangu Ademir, ambaye anajua sheria kuliko mawakili wote wa Massachusetts, kaniapia kwamba ukibadili kazi faili linarudi mwanzo. Ati ninyamaze, hata mke wangu asijue. Kweli, Maureen hajui kusema uongo. Akizidishiwa chenji dukani anairudisha mbio.

Jumanne, Machi 5
Bekari nilikuwa naingia alfajiri, kwa hiyo nimetoka saa kumi kama kawaida. Gereji inafunguliwa saa mbili! Nimelala garini, baridi imenikomesha. Jioni nimenawa grisi, nimejipaka unga, nimeingia nyumbani na mikate ya jibini. Ya supamaketi.

Ijumaa, Machi 8
Maureen kauliza mbona nanuka mpira. Nikasema tanuri jipya. Akala mikate mitatu, akasema leo mume wangu umeweza. Miaka miwili naoka kwa mikono yangu, sijawahi kusifiwa! Imeniuma.

Jumatano, Machi 13
Tumefanya mazoezi ya maswali. Rangi ya mswaki, nani analala upande wa ukuta. Kisha akauliza nafanya kazi wapi. Bekari, nikasema, bila kupepesa. Akauliza kama nina neno la kumwambia. Sina. Akaenda kulala bila kuniaga. Roho imenisuta, lakini kesho si mbali.

Alhamisi, Machi 14
Jamani! Afisa, mama mmoja mkavu, kamuuliza Maureen nafanya kazi wapi. Maureen akajibu: gereji ya matairi, tangu tarehe nne. Akatoa na barua ya bosi wangu wa gereji! Kumbe alikuta lebo ya bei ya supamaketi kwenye mfuko wa mikate, alfajiri akanifuata, akanikuta nakoroma garini nje ya gereji, kisha akamwomba bosi barua kwa siri. Afisa kasema kubadili kazi si kosa, mradi nina kibali cha kazi na niseme. Anachopima yeye ni ndoa. Akataka kujua mbona nina unga masikioni.
Njiani Maureen kalia. Kasema faili lingekwama angesubiri na mimi hata miaka kumi, ila kufanywa mjinga nyumbani kwake hataki. Nimeapa kwa jina la mama yangu kwamba sitamficha kitu tena.

Jumatatu, Machi 25
Tumekubaliwa! Tumekumbatiana jikoni, tumelia wote wawili. Ademir anadai ni ushauri wake.
Mchana bosi wa bekari kapiga simu. Nirudi, niwe msimamizi. Nimekubali hapo hapo, naanza kesho. Maureen nitamwambia baadaye, maskini ndiyo kwanza ametulia. Gereji nimewaaga vizuri, wamenipa tairi moja kuukuu. Nitakuwa najisugua nalo kidogo kabla ya kuingia nyumbani.